Binti yangu amekubaliwa kusoma historia chuo cha Kikristo: nimruhusu?

*"Mwalimu, shikamoo. Sisi ni Waislamu, wakazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Binti yangu alimaliza kidato cha nne, akapata B- ya jumla, na kwenye Historia akapata A-. Tangu utotoni hakuna somo analolipenda kama hilo. Sasa amepokea barua ya kukubaliwa chuo kikuu cha Kikristo huko Nairobi kusomea digrii ya BA katika Historia. Tulipoangalia orodha ya kozi tukakuta Agano la Kale, Agano Jipya, maadili ya Kikristo na historia ya Kanisa. Baba yake amekataa katakata, anasema watamgeuza mtoto. Wajomba zake nao wanasema historia haina kazi, bora asomee uuguzi. Mwenyewe hasemi na mtu nyumbani. Naomba unieleze: huko wanafundisha historia kweli, au ni mahubiri yaliyopewa jina la historia? Na akitaka kuwa mwalimu baadaye, karatasi hiyo itakubalika?"*

Marahaba, mama. Barua yako ina maswali matatu yaliyofungwa pamoja, na naona ndiyo maana mazungumzo hapo nyumbani hayaendi mbele. La kwanza ni imani ya mtoto, la pili ni ubora wa masomo, la tatu ni riziki. Baba anajibu la kwanza, wajomba wanajibu la tatu, na binti anauliza la pili. Kila mmoja ana haki na swali lake, ila hawazungumzi kitu kimoja. Nimefundisha historia chuoni kwa miaka mingi, na familia za hapa Pwani zilizoniuliza jambo hili si chache. Nitakueleza ninavyolijua, pamoja na yale ambayo vyuo vyenyewe havipendi kuyaandika kwenye vipeperushi vyao.

Nianze na ile orodha ya kozi, kwa sababu ndiyo iliyowashtua. Digrii ya chuo kikuu hapa kwetu hujengwa kwa mafungu. Kuna kozi za pamoja, ambazo kila mwanafunzi wa chuo hicho anazisoma, awe wa historia, biashara au kompyuta. Kuna kozi za fani yenyewe, ambazo ndizo nyingi. Halafu kuna za kuchagua. Chuo cha Kikristo huweka Biblia na maadili ya Kikristo kwenye lile fungu la pamoja, palepale ambapo pia utakuta stadi za mawasiliano, kompyuta na pengine falsafa. Kwa hiyo Agano la Kale na Agano Jipya mlizoziona si sehemu ya fani ya historia. Hata anayesomea uhasibu chuo hicho atazikuta. Historia ya Kanisa ndiyo kozi ya historia kweli, na huwa ni moja au mbili katika nyingi.

Ukichukua orodha hiyo ukaisoma hadi mwaka wa nne, utaona sura nyingine. Mwaka wa kwanza kwa kawaida huwa na utangulizi wa somo lenyewe, yaani historia ni nini na mwanahistoria anajuaje anachokisema, pamoja na Afrika ya zamani na ustaarabu wa dunia. Baadaye huja historia ya Kenya na Afrika Mashariki, biashara ya watumwa, ukoloni na harakati za uhuru, Ulaya tangu mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, wakati mwingine Asia na Mashariki ya Kati. Kuelekea mwisho kuna mbinu za utafiti, historia simulizi, na ile kozi inayowatoa wanafunzi jasho: namna wanahistoria walivyoiandika historia, nani aliiandika na kwa nini. Kisha tasnifu. Mwambie binti aketi nawe na kalamu mbili za rangi tofauti, atie alama kozi za dini kwa rangi moja na za historia kwa nyingine. Mkimaliza, mwonyesheni baba yake hiyo karatasi kabla ya kumpa maneno.

Sasa swali lako hasa: ni historia au ni mahubiri? Nitalijibu kwa mfano wa kitu ambacho binti yako anapita mbele yake kila siku.

Ngome ya Yesu mnaijua. Ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Mfalme wa Mombasa aliuawa kwa hila za Wareno mwaka 1614, na mwanawe mdogo, Yusuf bin Hasan, akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, akabatizwa jina la Jerónimo. Alirudishwa Mombasa akiwa mfalme Mkristo. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni wa Kireno, akarudi kwenye Uislamu. Wareno waliokuwa mjini na Waswahili waliokuwa wamebatizwa wakauawa. Hayo hayana ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye maana yake: ni mwana aliyelipiza kisasi cha baba yake, ni mfalme aliyechoshwa na makapteni wa kigeni, ni Mwislamu aliyerudi kwao, au ni msaliti aliyewaua Wakristo kwa ajili ya imani yao?

Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu siku zile imetoka kwenye uchunguzi ambao Kanisa liliufanya Goa mwaka uliofuata. Lengo lilikuwa kujua kama waliokufa wanastahili kutangazwa mashahidi wa dini. Mashahidi wa tukio waliitwa wakaulizwa maswali yaliyokuwa yameandaliwa. Mhadhiri wa historia anayejua kazi yake atawapa wanafunzi ushahidi huo, kisha atawauliza: huyu anayeeleza alikuwa anajibu swali gani? Ukimwuliza mtu kama jirani yake alikufa kwa sababu ya imani, hutasikia mengi kuhusu kodi, dhuluma za makapteni, wala kuhusu baba aliyeuawa 1614. Si lazima shahidi awe mwongo. Ni kwamba hakuulizwa. Halafu atawapeleka hadi lango la ngome, wasome lile jiwe la Kireno juu ya mlango, ambapo kapteni wa miaka iliyofuata, Cabreira, anajisifu kwamba amewatiisha watu wa pwani na anamwita Yusuf mfalme dhalimu. Hapo utauliza: jiwe hili liliwekwa na nani, lisomwe na nani?

Hiyo ndiyo historia, mama, na inafundishwa hivyohivyo ukumbini iwe ukutani kuna msalaba au hakuna. Tofauti yake na mahubiri iko kwenye swali linaloruhusiwa. Mhubiri anakuambia Mungu alitaka nini mwaka 1631. Mwanahistoria anakuambia watu walifanya nini, waliamini nini, na tunajuaje. Mhadhiri Mkristo anaweza kuamini moyoni kwamba waliokufa ni mashahidi wa dini, na Mwislamu akaamini Yusuf alikuwa shujaa, na wote wawili wakasahihisha tasnifu moja wakakubaliana alama. Nimeshuhudia hilo zaidi ya mara moja, na mabishano makali niliyoyaona kwenye kusahihisha yalihusu tanbihi zilizokosekana, wala hayakuhusu dini.

Lakini sitakuficha. Chuo chochote kina upande, na cha Kikristo kina upande wake. Baadhi ya vyuo hivyo huwataka wahadhiri watie saini tamko la imani kabla ya kuajiriwa, kwa hiyo ni nadra binti yako kufundishwa historia ya Uislamu na Mwislamu. Upande huo huonekana zaidi kwenye kinachochaguliwa kuliko kwenye uongo wa wazi. Wamisionari hupewa wiki kadhaa, halafu vyuo vya dini vya Lamu, masheikh na mashairi ya Mombasa hupitwa kwa nusu saa. Na hili nalisema bila chuki, kwa sababu vyuo vya umma navyo vina ugonjwa huohuo. Pwani mara nyingi hutajwa kama mahali ambapo wageni waliteremka, kisha treni inaondoka kwenda bara.

Kwa binti wa Mji wa Kale, upungufu huo unaweza kuwa mtaji. Nitakupa mfano mmoja. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wetu aliyefariki mwaka 1840, yalikusanywa na William Taylor, mmisionari wa Kianglikana aliyekaa Mombasa. Taylor peke yake asingefika mbali. Aliyekuwa naye bega kwa bega, akikusanya na kufafanua, ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni Mwislamu wa hapahapa. Leo karatasi za Taylor ziko chuo cha SOAS, London. Ukitaka kuandika historia ya Mombasa ya karne ya 19 huwezi kuziepuka karatasi za wamisionari: za mmisionari Krapf aliyefika hapa 1844, za kituo cha misheni cha Rabai, za kijiji cha Frere Town kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, kile ambacho kengele yake imeacha jina la Kengeleni kwenye vinywa vya makondakta hadi leo. Anayejua namna Kanisa linavyofikiri na kuandika atazisoma karatasi hizo vizuri zaidi. Na anayejua Kiarabu cha madrasa na Kimvita cha nyumbani ataona humo mambo ambayo mwenzake wa bara hatayaona. Binti yako atakuwa na vyote viwili. Mimi ningekuwa mhadhiri wake ningefurahi.

Nije kwa baba yake. Tafadhali usimcheke wala usimwite mtu wa kale. Hofu yake ina msingi, kwa sababu hapa Pwani elimu ya Kizungu na Kanisa vilikuja kwenye meli moja, na wazee wengi waliwazuia watoto wao kwa sababu hiyo hasa. Sheria ya leo ni nyingine. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inasema mtu hatalazimishwa kufanya jambo lililo kinyume na imani yake, na hatanyimwa nafasi kwenye taasisi kwa sababu ya dini yake. Vyuo vingi vya Kikristo nchini hupokea wanafunzi Waislamu bila kuwataka wabadili chochote.

Hata hivyo, haki iliyoandikwa na maisha ya hosteli ni mambo mawili. Kesi ya hijabu katika shule moja ya Kanisa huko Isiolo ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imewapa wasichana haki mwaka 2016, lakini mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo kwa sababu ya utaratibu wa jinsi dai lilivyofikishwa mahakamani. Yaani hata wanasheria hawakutoka pale na jibu safi. Kwa hiyo usitegemee kwenda kudai haki baadaye. Soma masharti sasa, kabla ya saini.

Masharti yako kwenye kitabu cha mwanafunzi, ambacho wengi hawakifungui hadi siku ya matatizo. Kiombeni. Angalieni kama ibada ya chuo ni ya lazima na kama mahudhurio yanahesabiwa kwenye kuhitimu. Kuna vyuo ambako asiye Mkristo husamehewa, kuna ambako hutakiwa akae tu kimya, na kuna ambako kutohudhuria ni kosa la nidhamu. Angalieni kanuni ya mavazi, na kama imeandika lolote kuhusu kufunika kichwa. Ulizeni kama vipindi vya Ijumaa adhuhuri vinaweza kuepukwa, futari ya Ramadhani inakuwaje kwa anayekaa hosteli, na nyama ya jikoni imechinjwa na nani. Ulizeni pia kama kozi ya Agano Jipya inaweza kubadilishwa na ya dini za dunia. Maswali haya yaulizwe kwa barua pepe, ili majibu yabaki. Jibu la mdomo la mtu wa mapokezi halina uzito. Chuo kikikwepa kujibu, hapo tayari kimejibu.

Na kozi ya Biblia yenyewe? Msimamo wangu ni kwamba binti wa miaka kumi na tisa aliyelelewa na dini yake haipotezi kwa kufanya mtihani juu ya kitabu cha wengine. Ila uamuzi huo si wangu. Kama baba anataka kusikia kutoka kwa mtu wa elimu ya dini, aende kwa sheikh anayemwamini akiwa na orodha ya kozi mkononi. Asiende na uvumi.

Sasa riziki, ambako mimi naona ndiko kwenye hatari kubwa, na ndiko ambako hakuna mtu nyumbani kwenu ameangalia kwa makini. Wajomba wamekosea wanaposema historia haina kazi. Wahitimu wake wako kwenye makumbusho, utalii, uandishi wa habari, mashirika, utumishi wa umma na sheria wanapoendelea. Hata hivyo hakuna tangazo la kazi linaloandika "anatakiwa mwanahistoria", kwa hiyo anayesoma BA ya historia anapaswa kujijenga mwenyewe akiwa bado chuoni: lugha, uandishi, mafunzo ya kazi sehemu kama makumbusho ya Ngome ya Yesu. Anayesubiri digrii imtafutie kazi atasubiri sana.

Kama anataka ualimu, mambo ni mahsusi zaidi. TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu, humsajili mwalimu wa sekondari mwenye masomo mawili ya kufundishia. Historia peke yake haitoshi. Kisha inatazama KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne: C+ ya jumla, na C+ kwenye kila moja ya masomo hayo mawili. Kwa hiyo leo hii toeni ile hati ya matokeo mwangalie: ukiacha Historia, ana C+ au zaidi kwenye Kiswahili? Dini ya Kiislamu? Jiografia? Kiingereza, ambacho huenda na fasihi yake? Kama analo la pili, njia ya moja kwa moja ni Bachelor of Education (Arts) yenye Historia na somo hilo. Akichukua BA, atahitaji baadaye stashahada ya uzamili katika elimu, yaani muda na karo nyingine, na bado ile BA iwe na kozi za kutosha za somo la pili. BA ya historia tupu kwa mtu anayetaka kuwa mwalimu ni njia ndefu, na ndiyo barua aliyoipata. Jambo hili lingenifanya nisite kabla ya jambo la dini.

Kuhusu kutambulika: dini ya chuo haina uzito hapo. Kinachotazamwa ni kama Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, imekiidhinisha chuo pamoja na programu hiyo hasa. Baraton, ambacho ni cha Waadventista, na kile cha Wakatoliki cha Lang'ata vilipata hati zao mwanzoni mwa miaka ya 1990, Daystar mwaka 1994, na wahitimu wao wamo kila ofisi. Lakini chuo chenye hati kinaweza kuwa na programu ambayo haijaidhinishwa. Orodha ya programu zilizoidhinishwa CUE huitoa kwenye tovuti yake, tafuteni jina la digrii lilivyoandikwa kwenye barua, neno kwa neno.

Karo nayo. Chuo binafsi mara nyingi ni ghali kuliko cha umma, na kwa mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 ule msaada wa serikali usiorudishwa umeelekezwa kwa wanaopangiwa vyuo vya umma. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, aliyeko chuo binafsi anaweza kuuomba, lakini una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na najua kwenu hilo ni suala. Ni ajabu kidogo kwamba familia nyingi hugombana juu ya kozi moja ya Agano Jipya na hazizungumzi kabisa juu ya riba hadi siku ya kujaza fomu.

Ungeniuliza ningefanya nini mahali pako? Kama ndoto yake ni ualimu na ana somo la pili, ningemtafutia nafasi ya Elimu (Sanaa) chuo cha umma, nikianza na Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, kwa sababu ya karo na kwa sababu atarudi nyumbani wikendi. KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, huruhusu maombi mapya na uhamisho kwa vipindi vyake. Kama anachotaka ni historia yenyewe, kuandika, utafiti, makumbusho, na chuo hicho kimejibu maswali yenu vizuri kwa maandishi, na karo mnaimudu bila kuuza kitu cha msingi, ningemwacha aende. Kumwingiza uuguzi kwa sababu wajomba wamesema ni kumlipia miaka minne ya kitu atakachokiacha. Na kumtafutia chuo cha Kiislamu kwa jina tu, bila kuangalia kama kina programu ya historia, si suluhisho.

Mambo mawili yanahitaji mtu wa kukutana naye uso kwa uso. Masharti ya TSC nendeni mkayathibitishe ofisi yao ya kaunti na hati ya matokeo mkononi, kwa sababu kanuni zao hubadilika, na mfumo mpya wa shule za upili pamoja na somo la Historia na Uraia unaendelea kupangwa. Na la pili ni mtoto mwenyewe. Umesema hasemi na mtu. Kama hali hiyo inaendelea, hali chakula, halali, usiichukulie kuwa ni deko: mtafutie mshauri nasaha, au mwalimu wake wa zamani anayempenda, azungumze naye bila nyinyi kuwapo. Akishaingia chuoni na yeyote akamshinikiza kuhusu dini, aandike kwa mkuu wa wanafunzi siku hiyohiyo, na nakala abaki nayo.

Barua ya kukubaliwa huwa na tarehe ya mwisho ya kuthibitisha nafasi. Iangalieni leo. Mkiona muda hautoshi, mwandikie msajili kuomba kuahirisha nafasi hadi muhula unaofuata. Vyuo vingi hukubali mwenye sababu, na mtakuwa mmepata muda wa kwenda Nairobi na baba yake, mkitembelee chuo siku ya kawaida ya masomo na kuzungumza na mkuu wa idara ya historia kabla ya kulipa hata shilingi.